Shamba Lililoitwa Angola

Nasaba hufuatiliwa vipi pale ambapo babu alinyang'anywa hata jina? Huko Marekani, enzi za ukoloni wa Waingereza, Mwafrika aliyeandikwa "Antonio" alifikishwa Virginia mwaka 1621. Baadaye alipata uhuru, akajulikana kama Anthony Johnson, na mwaka 1651 akapewa hati ya ekari 250. Alifariki Maryland mwaka 1670. Mwaka huohuo, baraza la mahakama Virginia liliamua kuwa ardhi yake ya kule ingeweza kuchukuliwa na serikali, kwani marehemu alikuwa mtu mweusi, kwa hiyo mgeni. Mwaka 1677, mjukuu wake John alinunua ekari 44 Maryland, akaliita shamba hilo "Angola". Jina hilo ndilo linalotudokezea babu alikotoka. Tusidharau hati kuukuu za nyumbani.