Ngozi, Maradhi Yake na Msamiati wa Saluni

Wasusi, vinyozi na warembeshaji wengi nchini Kenya husomea taaluma yao kwa Kiingereza, lakini kazi yenyewe huifanya kwa Kiswahili. Kitabu hutaja ugonjwa kwa jina la Kilatini. Mteja husema ana mba, choa au vipele. Pengo hilo si la lugha tu, kwani jina likikosewa, dawa nayo hukosewa.

Ngozi ina matabaka matatu. La juu, yaani epidemisi, halina mishipa ya damu, na ndiyo sababu mkwaruzo mwepesi hautoki damu. Seli zake huzaliwa upande wa chini, zikasukumwa juu huku zikijaa keratini, protini ile ile inayounda kucha na nywele. Zifikapo juu huwa zimekwisha kufa, nazo hubanduka. Safari hiyo huchukua takriban wiki 4 kwa mtu mzima kijana, kwa hivyo krimu inayoahidi ngozi mpya kwa siku 3 yafaa kutiliwa shaka. Chini ya tabaka hilo hilo mna melanositi, seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Idadi ya melanositi haitofautiani sana baina ya mtu mweusi na mweupe. Kinachotofautiana ni wingi wa melanini na jinsi inavyosambazwa. Tabaka la pili, demisi, ndilo lenye mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na za mafuta. La tatu ni la shahamu.

Kiswahili hakikosi maneno ya kueleza mambo haya. Kitundu cha ngozi ni kinyweleo, na unywele mwororo wa mwilini ni laika, wingi wake malaika (ambao hawahusiani na wale wa mbinguni). Utata huanza kwenye maradhi.

Tuchukue neno mba. Wasemaji hulitumia kwa magamba meupe ya kichwani na pia kwa mabaka ya kifuani na mgongoni. Mwanafunzi wa leksikografia angeweza kudhani kuwa hapa watu wamechanganya mambo, ilhali hali zote mbili huhusishwa na kuvu wa jamii moja, Malassezia, ambao huishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu. Neno hili halikukosea sana.

Hatari iko kwingine. Punye, yaani choa cha kichwani, huwapata watoto zaidi, na mwanzoni hufanana na mba. Mzazi huuziwa mafuta ya mba, mtoto hupakwa kwa miezi, na nywele huendelea kukatika hadi vikabaki viraka vya upara. Kuvu wa punye huingia ndani ya unywele wenyewe, mahali ambapo mafuta hayafiki. Tiba yake ni dawa ya kumeza itolewayo na mhudumu wa afya. Tena mba hauambukizwi kwa mashine ya kunyolea, lakini punye huambukizwa. Kinyozi asiyetofautisha maneno haya mawili huwanyoa watoto watano kwa mashine moja isiyosafishwa, na ugonjwa ukahama nayo.

Neno vipele nalo limebebeshwa mzigo mkubwa. Chunusi hutokea kinyweleo kinapozibwa na mafuta na seli zilizokufa. Vipele vya kidevuni baada ya kunyoa vina asili tofauti: unywele uliojisokota, ukikatwa karibu mno na ngozi, hujipinda na kuichoma ngozi tena. Dawa ya chunusi haiwezi kuunyosha unywele huo. Linalofaa kwanza ni kuziacha ndevu zikue kidogo. Vipele vya kisogoni visipopumzishwa huweza kugeuka makovu magumu ya kudumu.

Kila uvimbe wa aina hii huelekea kuacha doa jeusi kwenye ngozi nyeusi. Hapo ndipo mkorogo huingia. Mchanganyiko huu huweza kuwa na steroidi, ambazo hufanya ngozi iwe nyembamba; haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta mabaka ya samawati iliyokoza; au zebaki, ambayo hudhuru figo. Doa ambalo lingefifia lenyewe kwa miezi kadhaa huzaa tatizo la miaka.

Jozi ya mwisho ni mbalanga na ukoma. Mbalanga huondoa rangi ya ngozi kwa sababu melanositi zimeharibiwa. Hauambukizi, na hakuna sababu ya kumkatalia mwenye nao huduma ya saluni. Ukoma nao huweza kuanza kwa baka lililopauka, ila baka hilo aghalabu hupoteza hisia. Mrembeshaji anayemkanda mteja uso au mgongo huenda akawa mtu wa kwanza kugundua kwamba mahali fulani pameguswa na mwenyewe hakuhisi. Huyo hahitaji krimu yoyote, bali kuelekezwa hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukoma hutibika kwa vidonge na hudhuru neva kadiri unavyocheleweshwa.