Kadi ya Runinga Inapogoma Kwenye Linux
Mtu wa Hanga, mkoani Ruvuma, akichomeka kadi ya kunasia runinga kwenye kompyuta ya Linux na kuambulia skrini tupu, huilaumu draiva kwanza. Naona lawama hiyo mara nyingi si ya haki. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Kadi za zamani zenye chipu ya Bt878 hutambuliwa vizuri na draiva ya bttv, ila minara iliyozirushia matangazo imenyamaza. Hata kifaa cha dijitali chenye RTL2832U peke yake husoma kiwango cha matangazo cha DVB-T tu, wala hakuna draiva itakayokipa uwezo wa kusoma kiwango kipya zaidi, DVB-T2.

Kwa hiyo uchunguzi uende kwa mpangilio. Amri ya lsusb, au lspci kwa kadi za ndani, huonyesha kama kifaa kimeonekana. Kisha dmesg hueleza kama kimepata draiva au kimekwama kwa kukosa faili la femuwea katika /lib/firmware, faili dogo linaloweza kuletwa kwa flashi hata pasipo intaneti. Folda ya /dev/dvb ikijitokeza, geukia antena, umbali wa mnara na vilima. Wapo watakaosema king'amuzi ni rahisi zaidi. Kwa kutazama tu, ni kweli, na chaneli za kulipia kadi hii haizifungui. Lakini shule inayotaka kurekodi kipindi cha elimu, kukikata na kukirudia darasani inahitaji kompyuta, na kazi hiyo inastahili saa moja ya kusoma dmesg.