Upatikanaji na Ufikivu: Mfano wa Embu na Meru
Istilahi hizi mbili aghalabu huchanganywa. Upatikanaji, kutokana na pata, huarifu kuwa kitu kipo; ufikivu, kutokana na fika, huarifu kuwa mhitaji anaweza kukifikia. Katika tambarare zenye joto za Mbeere na Tharaka, chini ya miinuko ya Embu na Meru, malaria huweza kumpunguzia mja mzito damu na kusababisha mtoto kuzaliwa na uzani mdogo. Chandarua chenye dawa kikiwa zahanatini, kinapatikana; mama aishiye mbali, au asiyeelewa lugha ya mhudumu, hajakifikia. Vivyo hivyo, jumba la maduka lenye ngazi pekee humfungia nje mtumiaji wa kiti cha magurudumu, ingawa bidhaa zimejaa. Kwa hiyo, anayefasiri ujumbe wa kliniki kwa lugha inayoeleweka naye hujenga njia.