Sura ya Tano: Haki na Hakika katika Uhakiki wa Filamu

Mwezi Agosti 1967, Joe Morgenstern, mhakiki wa filamu wa jarida la Newsweek, aliitazama Bonnie and Clyde, akaiponda. Filamu hiyo ya Arthur Penn inasimulia habari za kijana na msichana waliokuwa wakipora benki Marekani miaka ya 1930, mpaka polisi walipowavizia barabarani huko Louisiana mwaka 1934 na kuwamiminia risasi. Morgenstern aliiona ni picha chafu ya kupigana bastola, ya kuwafurahisha watu wasiopenda kutumia akili. Kisha akarudi kuitazama tena, safari hii akiwa katikati ya watazamaji waliokata tiketi, na ukumbi mzima umechangamka. Wiki moja baada ya tahakiki ya kwanza, jarida lilelile likachapa ya pili, kwa kalamu yake mwenyewe. Humo alikiri kwamba ile ya awali haikuwa ya haki, wala haikuwa sahihi.

Filamu ilikuwa ileile. Hakuna aliyeikata wala kuiongeza kipande. Aliyebadilika ni mtu aliyekaa kitini. Kwa hiyo anayeuliza kama uhakiki wa filamu unaweza kuwa bila upendeleo ana sababu ya kuuliza. Ikiwa mtu mmoja, mjuzi wa kazi yake, anatoa hukumu mbili zinazopingana ndani ya siku saba, msomaji amwamini nani? Jibu linalotolewa upesi, watu wakiwa bado wamesimama mlangoni mwa ukumbi, ni kwamba kila mtu na ladha yake. Jibu hilo silikubali, na sura hii ni ya kueleza kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. Ofisini, kuhakiki ni kukagua kama kitu ni cha kweli. Tanzania ilipoendesha uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma mwaka 2016 na 2017, hakuna ofisa aliyeulizwa kama cheti fulani kinampendeza. Kazi ilikuwa kukilinganisha na kumbukumbu. Neno hilohilo ndilo tunalolitumia kwa mtu anayeisoma riwaya au kuitazama filamu na kuipima. Lina mzizi mmoja na hakika, na mzizi huohuo wa Kiarabu ndio uliotupa haki. Filamu inamdai mhakiki vyote viwili, na naona mabishano mengi kuhusu upendeleo yanaanzia pale vinapochanganywa.

Hakika ni yale yaliyomo, ambayo mimi na wewe tunaweza kwenda kuyaona. Katika Bonnie and Clyde kuna tukio la wizi ambapo dereva wa genge, C.W. Moss, anaegesha gari na kubanwa kati ya magari mengine. Wenzake wanatoka benki mbio, gari halitoki. Anagonga nyuma, anagonga mbele, ukumbi unacheka. Linapochomoka, mtu mmoja wa benki anarukia ubao wa kukanyagia ubavuni mwa gari, na Clyde anampiga risasi ya uso kupitia kioo. Bosley Crowther, aliyekuwa mhakiki wa New York Times tangu 1940, alichukizwa na mchanganyiko huo wa vichekesho na mauaji, akaishambulia filamu zaidi ya mara moja. Pauline Kael, katika makala ndefu kwenye The New Yorker Oktoba mwaka huo, aliitetea kwa sababu ya mchanganyiko uleule: kicheko kinamwacha mtazamaji bila kinga, na kifo kinapokuja kinamchoma kweli.

Walipingana vikali, lakini hawakubishana juu ya kilichotokea. Wote wawili walikiona kicheko, na wote wawili waliiona damu. Ukiwasoma pamoja unarudi kwenye filamu ukiwa na macho makali kuliko uliyotoka nayo. Mwanzoni mwa 1968 nafasi ya Crowther ikachukuliwa na mwingine, na filamu ikateuliwa mara 10 katika tuzo za Oscar, ikashinda 2. Wengi huyahesabu hayo kuwa ushahidi kwamba alikosea. Mimi nasema aliona kitu kilichokuwepo kweli. Alichokosa ni subira ya kuuliza kimewekwa pale kwa kazi gani.

Sasa tuchukue filamu ngumu zaidi. Mwaka 1975 Chantal Akerman, Mbelgiji aliyekuwa hajatimiza miaka 25, alionyesha filamu ambayo jina lake ni la mtu na anwani yake: Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles. Ina dakika 201. Inahusu siku tatu za mjane mmoja wa Brussels. Anapika, anaosha vyombo, anatandika, anampakulia mwanawe chakula cha jioni, na alasiri anampokea mwanamume chumbani kwa malipo. Kamera imesimama mahali pamoja na yeye ndiye anayeingia na kutoka mbele yake. Mara ya kwanza nilichoka, nikaiacha katikati. Kama ningeandika siku ile, ningesema ni filamu ya kuchosha, na ningekuwa nimesema kweli tupu juu yangu mwenyewe.

Niliporudi nikalitazama bakuli. Juu ya meza ya kulia kuna bakuli kubwa la supu lenye kifuniko, na humo ndimo mama huyu anamoweka fedha anazolipwa. Siku ya kwanza anaweka fedha, anafunika. Siku ya pili, mgeni akishaondoka, anaweka fedha na bakuli linabaki wazi. Hakuna muziki wa kukushtua, wala kamera haisogei karibu. Nywele zake zimevurugika kidogo. Viazi vimekaa motoni mpaka vimeharibika, na mtu ambaye jana alijua mahali pa kila kijiko anazunguka na sufuria mkononi, chumba hadi chumba, hajui aitue wapi. Anakwenda kununua viazi vingine, anaketi jikoni, anavimenya kimoja kimoja, nasi tunamtazama muda wote huo. Aliyeishika vizuri siku ya kwanza anaona mtu anabomoka mbele yake. Siku ya tatu kuna mauaji. Mhakiki anayeandika kwamba yametokea ghafla hakulitazama bakuli.

Kifuniko kilichoachwa si suala la ladha. Kipo, na yeyote mwenye filamu anaweza kukikagua. Ninaposema uhakiki unaweza kutoka nje ya nafsi ya mwandishi, hicho ndicho ninachokishika: mwandishi anamwachia msomaji njia ya kwenda kuona mwenyewe. Uchovu wangu nao una nafasi yake, mradi niufuatilie hadi chanzo chake. Ulitokana na dakika ndefu ambazo Akerman alikataa kuzikata, na alikataa kwa sababu kazi za nyumbani ndivyo zilivyo, na sinema huziruka.

Kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye hukumu kuna safari, na hapo ushahidi pekee haufikishi mtu. Mwaka 1757 mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, alikitumia kisa cha Don Quixote kuhusu ndugu wawili walioonjeshwa mvinyo. Mmoja akasema ni mzuri ila una ladha ya ngozi, mwingine akasema una ladha ya chuma. Watu wakawacheka. Pipa lilipokwisha, chini yake kukaonekana ufunguo wa zamani uliofungwa kamba ya ngozi. Hume alitaka kuonyesha kwamba ndimi huzidiana, na kwamba ulimi hunolewa kwa mazoezi na kulinganisha. Nakubaliana naye. Lakini ufunguo ule ulithibitisha tu kwamba waonjaji wale hawakuota. Haukuthibitisha kwamba mvinyo ulikuwa mzuri. Uzuri haulali chini ya pipa ukingoja kuokotwa. Hapo ndipo haki inapoingia: kukipa kila kilichoonekana uzito wake, bila kukiongezea kwa mapenzi wala kukipunguzia kwa chuki.

Watu wengi hudhani haki ya namna hiyo inamtaka mhakiki aache nyumbani mahali alikotoka. Naona kinyume chake, na mfano wangu ni Out of Africa. Sydney Pollack aliitengeneza Kenya kutokana na maandishi ya Karen Blixen, ikatoka mwaka 1985 na kubeba Oscar 7, pamoja na ile ya filamu bora. Mhakiki aliyezoea kupima mwanga na muziki atasifu ndege ndogo inayopita juu ya flamingo huku okestra ya John Barry ikipanda. Atakuwa sahihi. Tukio lile ni zuri, na mtu akinikatalia nitamwomba arudie kulitazama.

Mhakiki aliyekulia Kiambu, ambaye babu yake aliishi kama skwota juu ya ardhi ya ukoo wake mwenyewe, atauliza jambo jingine. Karibu na mwisho Karen anapiga magoti mbele ya gavana kuomba Wakikuyu waachiwe mahali pa kuishi. Ombi kubwa kuliko yote kuhusu ardhi ile linatoka kinywani mwa mwanamke wa Kizungu. Wenye ardhi wanaombewa. Huyu ataambiwa ameleta siasa kwenye sanaa, lakini hakuleta kitu kutoka nje. Tukio limo, lilipigwa picha, likahaririwa, likawekewa muziki. Historia ya nyumbani kwake imemfanya aone kitu ambacho mwenzake alikipita kwa sababu hakikumgusa popote.

Upendeleo ungeanza pale ambapo, kwa uchungu wake, angesema Waafrika hawana sauti kabisa ndani ya filamu ile. Farah, aliyechezwa na Malick Bowens, yupo na Karen kwa miaka yote ya shambani, anazungumza, anashauri, anaonya. Mhakiki mwenye haki lazima amtaje Farah, hata kama kumtaja kunaipunguzia makali hoja yake. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia kwa maandishi yangu kabla sijayatoa: nimeweka wapi kitu kinachonipinga? Nikikosa jibu, najua nimeandika kesi ya upande mmoja.

Na kuna jambo ambalo vibanda vya video vya Dar es Salaam vimetufundisha kuliko vitabu. Picha ya Kihindi au ya Kichina iliyosimuliwa kwa Kiswahili na mtu kama Lufufu haikuwa tena ileile iliyotoka kwa mtengenezaji. Msimulizi alieleza, alionya, alimpa steringi maneno yaliyomsogeza karibu na benchi la mbao. Anayeandika juu ya picha hiyo ana wajibu wa kusema aliitazama wapi, akiwa na nani, kwa sauti ya nani. Morgenstern naye, kati ya tahakiki yake ya kwanza na ya pili, alipata kampuni ya ukumbi, na kampuni ile ilimwonyesha kilichokuwemo tangu mwanzo.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kuhesabu. Tovuti ya Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa 1998, hutoa asilimia ya wahakiki walioisifu filamu. Asilimia inaonekana kama kipimo cha daktari, ila haipimi kiasi cha sifa. Wahakiki 100 wakisema filamu si mbaya, inapata 100. Wakiwa 60 wameipenda kwa moyo wote na 40 wameichukia, inapata 60, ingawa huenda hiyo ya pili ndiyo itakayokumbukwa. Kujumlisha maoni mia hakuondoi nafsi ya mtu yeyote, kunaficha tu nani alisema nini na kwa sababu gani.

Hesabu yenye manufaa zaidi ni kura ya jarida la Uingereza la Sight and Sound, inayopigwa kila baada ya miaka 10 tangu 1952. Mara ya kwanza iliongoza Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica. Citizen Kane ya Orson Welles ikashika kilele kuanzia 1962 hadi 2002. Mwaka 2012, kwa kura za wahakiki na wataalamu 846, ikapitwa na Vertigo ya Hitchcock. Mwaka 2022 wapiga kura wakazidi 1,600, na aliyepanda hadi namba moja ni yule mjane wa Brussels na viazi vyake. Mwaka huohuo Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal ilipanda, na Black Girl ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, ikaingia katika 100 bora.

Wengine walilalamika kwamba kura imeharibiwa kwa kuongeza watu wa aina nyingine. Malalamiko hayo yanachukulia kwamba wale wachache wa zamani hawakuwa na mahali walipotoka, kwamba macho yao yalikuwa mizani na ya hawa wapya ni upendeleo. Sembène hakuongeza hata picha moja kwenye Black Girl baada ya 1966. Filamu ilikaa ikingoja watu wa kutosha walioweza kuona kilichomo, na walipoulizwa wakasema.

Kwa hiyo mtu akikupa hukumu ya filamu, mwombe akuonyeshe bakuli lake. Liko tukio gani, sauti gani, mkato gani, dakika ya ngapi? Akikuonyesha, nenda ukakague, hata kama hukumu yake imekuudhi. Asipokuonyesha, usimbishie wala usimfuate.

Morgenstern hakuificha tahakiki yake ya kwanza. Aliirudia mbele ya wasomaji walewale na kuwaonyesha ilipokosea. Mwaka 2005, akiwa mhakiki wa Wall Street Journal, alitunukiwa Tuzo ya Pulitzer ya uhakiki.