Ukuta wa jua

Saa kumi na mbili ya asubuhi, mwezi wa sita, katika kambi moja ya zamani ya wafanyakazi hapa Lubumbashi. Giza bado iko, moshi wa mbabula unatambaa chini chini kati ya nyumba, na mlango mmoja unafunguka. Anatoka baba, koti ya kazi juu ya koti ingine. Nyuma yake mama, vitenge viwili na kofia ya sufu aliyofuma mwenyewe. Baba anashika aparei ndogo ya foto. Mama anabeba batri mbili, amezifunga ndani ya soksi na kuzitia kifuani, chini ya nguo.

"Batri ni sawa mutoto muchanga," akaniambia. "Ikisikia baridi, inakufwa mbio."

Wanatoka vile kila siku, hata siku ya Mungu mbele ya misa. Wote wawili wamepita miaka 70. Nilipowaomba majina kwa ajili ya gazeti, Baba alikataa: "Andika paka Baba na Mama. Bale banatujua, batatujua." Basi nimeandika vile. Nilitembea nao asubuhi 6, kati ya mwisho wa mwezi wa tano na katikati ya mwezi wa sita. Kusema kweli, asubuhi ya kwanza sikuenda kwa ajili ya foto. Nilienda kutafuta watu. Nitafika pale.

Katika vitabu vya shule tulivyosomea kulikuwa sezoni 4: mtoto wa Kizungu anacheza na theluji, majani ya rangi ya machungwa yanaanguka mwezi wa kumi. Tulikariri bila kuona kitu. Kwetu mwezi wa kumi ni joto kali, watu wanatazama juu kama mvua inakuja. Baridi yetu inafika wakati Ulaya wanatafuta kivuli. Mvua inakatika mwezi wa nne, mwezi wa tano upepo wa kusini-mashariki unaanza, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi inaweza kushuka chini ya digri 10, kwa sababu mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1.200. Mtu wa Kinshasa akifika hapa mwezi wa saba na shati ya mikono mifupi, tunamcheka kwanza, kiisha tunamwazima koti.

Kazi ya Baba na Mama ni kufuata badiliko hilo siku kwa siku, mahali pamoja, njia ile ile. Mwanzo wa mwezi wa tano majani ya porini bado marefu kupita mtu, na umande unalowesha suruali mpaka magoti. Foto za siku zile ni za kijani na dhahabu. Kiisha umande unaisha, majani yanakauka, mtu anatia moto. Mama alinionyesha foto 3 za mti mmoja. Katika ya kwanza mtoto anapita, huoni paka kichwa chake. Ya pili, ndege weupe wanatafuta panzi nyuma ya moto. Ya tatu ni ardhi nyeusi, na mwanamke mmoja anaokota kuni. Kati ya ya kwanza na ya tatu hazikupita siku 25. Mimi nimeishi mji huu maisha yangu yote na sikujua kama inaenda mbio hivyo.

Mbele kidogo wako watu wa matofali. Kila mtu wa hapa anajua, kichuguu kikubwa ni mgodi wa maskini. Mvua ikikatika wanakikata, wanafinyanga matofali, wanaanika, wanajenga tanuru na kuchoma. Baba anapenda tanuru hizo kwa sababu asubuhi ya baridi moshi wake haupandi, unalala chini kama blanketi, na jua likitoka nyuma yake linakuwa jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Mama yeye anapenda bustani za kando ya mto: kabichi, vitunguu, lengalenga, wanawake wanamwagilia maji na mvuke unapanda kutoka majini kuzunguka miguu yao. Pale wanabishana kila siku. Baba anataka kuharakisha juu ya shimine.

Shimine, mnaijua. Shimine na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba tunaouita teri, kila mtu amepiga foto yake. Kiwanda kile kiliyeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911, na mtoto wa Lubumbashi anachora shimine mbele ya kuchora nyumba yao. Baba ameipiga zaidi ya mara 1.000.

"Unaipenda kunipita miye," Mama akamwambia.

"Ilinilipaka," Baba akajibu.

"Na ikaacha."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikujua kama niko na ruhusa ya kucheka.

Baba aliingia kazini mwaka 1973, kijana wa miaka 20. Foto yake ya kwanza katika maisha ilipigwa siku ile: amesimama mbele ya ukuta, ameshika kibao chenye namba yake kifuani. "Foto ile haikukuwa yangu," anasema. "Ilikuwa ya dosye. Hata kuiona, sikuiona." Sammy Baloji, mtoto wa mji huu, aliyezaliwa 1978, alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa namna ile akaziweka juu ya foto za viwanda vilivyobomoka, na kazi yake hiyo imejulikana mbali sana. Baba alisikia habari yake. Alikaa kimya kidogo, kiisha akauliza kama kati ya wale watu wenye namba kuna waliotambuliwa na watoto wao. Sikuwa na jibu.

Mwaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitoka pamoja katika ule mpango ulioitwa wa kujitolea. Mambo ya hesabu yao siandiki hapa. Nimeyaandika mahali pengine, na karatasi zimelala kwenye meza za watu. Kwa pesa aliyopewa, mmoja alinunua mashini ya kusaga, mwingine basi ndogo iliyokufa kabla ya mwaka kuisha. Baba alinunua aparei ya filmu. Alipiga foto za ndoa, ubatizo na matanga, Katuba, Kenya, Kamalondo, kwa miguu. Mama, aliyefunzwa kushona na kuandika hesabu katika masomo ya wake wa wafanyakazi, alishika daftari la madeni. Daftari bado liko. Kuna mchungaji mmoja, tangu 2006 hajalipa foto za ndoa yake, na ndoa yenyewe imeshavunjika.

Kiisha simu zikaanza kupiga foto, na kazi ikafa. Mwaka 2013 daktari akamwambia Baba atembee kila asubuhi juu ya tansio. Mama hakutaka atembee peke yake. Na aparei je? "Mikono ilikuwa inatafuta kazi," Baba akasema. Mwana wao alikuwa amemnunulia ile ndogo isiyo na filmu. Hivi ndivyo ilianza.

Sasa jicho la kushoto la Baba lina katarakti, na la kuume halisaidii sana. Mama ndiye anayeona. Anasimama nyuma ya bega lake, anasema polepole: "Inama kiloko. Rudi ku mukono ya kuume. Ngoja, mutoto anapita. Sasa." Na Baba anafinya. Niliwauliza, basi foto ni ya nani? Wakajibu pamoja, kila mmoja: "Yangu."

Msidhani ni matembezi ya raha tu. Katika nchi hii mtu akishika aparei barabarani anaonekana mpelelezi. Mwaka 2019, karibu na seng'enge ya kampuni moja, walinzi waliwashika, wakawakalisha chini kwenye vumbi mpaka saa sita, wakafuta kila kitu kilichokuwa ndani ya kadi. Foto za miezi miwili, toka mvua ya mwisho mpaka majivu. Mama alilia, si juu ya miti. Nitasema alilia juu ya nini. Tangu siku ile, kila siku ya posho anapeleka kadi kwa mwanawe, wananakili foto katika ordinateri na mahali pengine pawili.

Mwisho wa njia yao ni ukuta. Ni ukuta wa nyumba ambamo zamani watu walipokelea posho, unga na mafuta. Paa haiko tena, lakini ukuta unatazama mashariki, na jua likitoka unakuwa wa kwanza kupata moto. Wakati wa mvua hakuna mtu pale. Mwezi wa tano, siku ambayo mzee wa kwanza anabeba kiti chake na kwenda kukaa mgongo ukutani, Mama anasema: "Baridi imeingia." Ndiyo kalenda yao. Mwaka huu ilikuwa tarehe 11.

Wanakaa pale wazee wa kazi, kofia masikioni, mikono kati ya magoti, wanaota jua. Hawaongei sana. Jua linashuka ukutani polepole: kwanza kofia, kiisha nyuso, kiisha mikono. Likifika kwenye mikono, Mama anasema "Sasa." Foto moja tu kwa siku, yote ukuta, wazee wote. Mwezi wa nane wanaanza kurudi nyumbani, jua limekuwa kali. Foto ya kwanza ya ukuta, ya 2013, ina wazee 14. Asubuhi nilipokuwa pale nilihesabu 5.

Ninavyoona mimi katika sendika yetu, michango ya sanduku inakuja mingi mwezi wa sita na wa saba. Kifua, tansio, usiku mrefu. Na mzee akifa, familia inatafuta foto ya kuweka juu ya sanduku. Wanapata paka ile ya kitambulisho cha zamani, na watu wanalia mzee wa miaka 76 mbele ya uso wa kijana wa 25. Kwa hiyo wanakuja kugonga kwa Mama, hata usiku. Anajua kila mmoja anakaa sehemu gani ya ukuta. Wanakata uso wake kutoka foto kubwa, wanaenda kuitoa kwenye stidyo mjini. Ndiyo maana mwaka 2019 alilia. Ndani ya kadi ile mlikuwa wazee 2 waliokufa mwezi ule ule, na familia zao hazikupata kitu.

Sasa shida yangu. Tuko na dosye ya madai ya wale wa zamani, iliyoingizwa mwaka 2016. Ofisi inaomba, kwa kila aliyekufa, kitu kinachoonyesha alikuwa bado mzima siku dosye ilipoingia. Vyeti vya kifo wengi hawana, walizikwa na kanisa na majirani. Nilikuja kwa Mama na majina 23. Tulikaa mezani siku 3, tukifungua baridi moja nyuma ya nyingine, na ninawaambia, sijaona kazi ya delege inayouma hivyo. Tulipata 9 wakiwa ukutani kwa tarehe ya baada.

Kiisha Mama mwenyewe akanisimamisha. "Delege, ngoja. Ile ya 2016, tarehe ni ya bongo." Batri ilikuwa imetolewa siku nyingi, aparei ikarudi yenyewe mwaka 2010, hawakuona mpaka mwezi wa nane. Wazee 2 kati ya 9 wako katika foto hizo tu. Ningeweza kunyamaza. Yeye ndiye hakutaka. Alitafuta nyuma ya ukuta, pembeni ya foto, akaona nyumba ya jirani inajengwa: siku moja ukuta bila dirisha, siku ingine dirisha, siku ingine mabati. Jirani alikuwa ameweka karatasi ya kununua mabati, yenye tarehe na muhuri. Tumeitia kwenye dosye pamoja na foto. Wakili wetu alitazama, akaondoa miwani, akasema hajawahi kuona.

Katika foto ya tarehe 2 mwezi wa saba 2017, wa tatu kutoka kushoto ni baba yangu. Hayumo katika majina 23, mambo yake yaliisha mbele. Amefunga macho, kichwa kimeegemea ukuta, jua limefika kidevuni. Nyumbani alikuwa mtu wa kukunja uso. Mama aliniuliza kama nataka aniondolee wengine, abakie yeye peke yake. Nilimwambia awaache wote.

Asubuhi yangu ya mwisho kulikuwa upepo mkali, na wazee 4 tu. Baba alipiga, kiisha akaniambia nikae kidogo pale nafasi iko, ukuta ni wa moto. Nilikaa. Ni kweli, ni wa moto. Mama akasema, "Toka, delege, we bado," na akapiga tena bila mimi.

Mwenye kuwa na mzee aliyekuwa akiota jua pale tangu 2013, aje kwangu kwenye sendika, nitampeleka. Foto ni bure, unalipa karatasi ya stidyo. Aje mbele ya mwezi wa nane, kwa sababu mvua ikianza Mama anakwenda shamba.