Karafuu Yetu na Sheria za Manukato za Ulaya



Hapana nyumba katika Pemba isiyoijua harufu ya karafuu mbichi inapoanikwa. Majamvi yakishatandazwa uani, hata mpita njia aliyefumba macho hujua kuwa msimu umeingia. Bibi harusi wetu husingwa kwa singo lenye karafuu ndani yake, pamoja na liwa na mawaridi; na mwenye kuumwa na jino hutafuta karafuu kabla ya kumtafuta daktari. Basi mtu akitwambia kuwa ziko nchi ambako mafuta ya karafuu yameandikwa katika orodha ya vitu vya kutahadhari navyo, kwanza twacheka, kisha twauliza: kwani yamefanya nini?

Wanachama kadhaa wametuuliza swali hilo, nasi twaona si haki kuwajibu kwa neno moja. Jambo lenyewe ni refu kidogo, na lina pande mbili. Twaomba msome mpaka mwisho.

Madaktari wasemavyo

Kitu kinachoipa karafuu harufu yake na ukali wake huitwa eujenoli. Mafuta ya karafuu huwa nayo kwa wingi, kwa kawaida asilimia 70 hadi 90, na mafuta ya makonyo nayo ni vivyo hivyo. Eujenoli hiyo ndiyo inayotuliza jino. Lakini kwa watu wachache, ikigusa ngozi mara kwa mara, mwili huichukia. Ngozi huwasha, huwa nyekundu na kutoka ukurutu. Mwili ukishaichukia hausahau: mtu huyo hubaki na mzio huo miaka mingi, pengine maisha yake yote, na kila akijipaka kitu chenye eujenoli taabu humrudia.

Hili si jambo la kubuni, wala si hila ya kuwaonea wakulima. Wataalamu wa Ulaya walikadiria kuwa katika kila watu 100 wa kwao, mmoja hadi watatu wana mzio wa vitu vya manukato vya namna mbalimbali. Karafuu ni kimoja tu katika vingi. Wamo pia mdalasini, asumini, langilangi, msandali na ukungu wa miti ya mwaloni.

Sheria zilivyokuja

Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria ya kutaja vitu 26 vya manukato juu ya chupa na makopo ya vipodozi, na eujenoli ilikuwamo. Sheria hiyo ilianza kutumika Machi 2005. Kwa kitu cha kujipaka na kubaki mwilini, jina lake lazima liandikwe ikiwa imezidi gramu 1 katika kilo 100. Kwa kitu cha kuoshea, kama sabuni, ikiwa imezidi gramu 1 katika kilo 10. Hiyo ilikuwa sheria ya kutaja tu. Haikumkataza mtu kutia karafuu.

Tena liko Shirika la Kimataifa la Manukato, liitwalo IFRA, lililoundwa mwaka 1973. Hilo si la serikali yoyote. Ni la watengenezaji wenyewe. Wao hujiwekea kanuni za kiasi gani cha kila kitu kitiwe katika mafuta mazuri, na kila baada ya miaka michache huzibadili, mara nyingi kwa kuzikaza. Kwa sababu hiyo uturi mwingi wa zamani umebadilishwa viungo. Mitsouko ya Guerlain, iliyotoka mwaka 1919, ilisimama juu ya ukungu wa mwaloni, na ukungu huo sasa hutiwa kwa kipimo kidogo sana. Na ule uturi wenye harufu ya maua ya karnesheni, uliopendwa sana Ulaya tangu miaka ya 1920, ulitegemea eujenoli na ndugu yake isoeujenoli. Siku hizi mwenye kutaka kuutengeneza kama zamani hufungwa mikono na vipimo.

Lililotutisha zaidi lilikuja mwaka 2012. Kamati ya wataalamu ya Umoja wa Ulaya ilitoa taarifa iliyotaja vitu 12 vyenye kudhuru watu wengi kuliko vingine, na mimea minane. Eujenoli ilikuwa katika vile 12, na karafuu katika ile minane. Kamati ikashauri kwamba kila kimoja katika vile 12 kisizidi asilimia 0.01, yaani gramu 1 katika kilo 10 za kipodozi.

Na tupige hesabu, maana mkulima hujua hesabu. Tuseme mtengenezaji ana kilo 10 za uturi, naye alizoea kutia mafuta ya karafuu asilimia 1. Hizo ni gramu 100. Mafuta hayo yakiwa na eujenoli asilimia 80, ushauri ule ungemruhusu gramu 1 na robo tu. Kutoka gramu 100 hadi gramu 1 na robo, hapo hapana karafuu tena. Pana jina lake tu. Na mtengenezaji mwenye kuruhusiwa kiasi hicho angeonaje haja ya kununua mafuta ya Pemba?

Waliopinga ni akina nani

Hapa ndipo sauti zilipopazwa, na wa kwanza hawakuwa wakulima. Walikuwa watengenezaji wa uturi, wakubwa kwa wadogo, na wapenda manukato wa kawaida, watu wasiouza wala kununua ila chupa moja ya kujitia. Mapema, mwaka 2007, kundi la Cropwatch la Uingereza lilikuwa limekwisha kuwahimiza watengenezaji wasizifuate kanuni mpya za IFRA, likidai kwamba vitu vya asili vinahukumiwa kwa ushahidi mchache, na kwamba mdogo mwenye kutumia mafuta ya mimea huumia kuliko mkubwa mwenye maabara.

Hoja yao kubwa ilikuwa nyepesi kufahamika. Wako watu ambao karanga huwadhuru hata kuwaua, na hapana nchi iliyokataza karanga. Huandikwa juu ya pakiti kuwa ndani mna karanga, na mwenye kudhurika hujiepusha. Kwa nini isiwe hivyo kwa waridi na karafuu? Mwambieni mtu kilichomo, kisha mwacheni achague.

Madaktari wa ngozi walijibu, na jibu lao halikuwa la kipuuzi. Walisema: mwenye mzio anaweza kusoma chupa akaepuka, lakini yule ambaye hajapata bado hajui aepuke nini. Kumkinga huyo, lazima kipimo kipunguzwe. Sisi twakiri kuwa neno hili lina uzito. Asiyelikubali hawezi kuaminiwa anapotetea mengine.

Mwisho wake Umoja wa Ulaya ulifuata njia ya katikati. Kwa kanuni ya mwaka 2017 ulikataza kabisa vitu vitatu: viwili ni vya ndani ya ule ukungu wa miti, na kimoja hutengenezwa viwandani. Kile kipimo cha asilimia 0.01 kwa eujenoli na wenziwe hakikufanywa sheria. Badala yake, mwaka 2023, orodha ya vitu vya kutajwa iliongezwa kutoka 26 hadi zaidi ya 80, na safari hii mafuta ya karafuu yametajwa kwa jina lake yenyewe. Vipodozi vipya vimepewa hadi 31 Julai 2026 kufuata sheria hiyo, na vilivyokuwa sokoni kwanza hadi 31 Julai 2028.

Wenzetu wa lavenda na mawaridi

Wakulima nao hawakulala. Katika Provence, kusini ya Ufaransa, wenye mashamba ya lavenda waliweka mabango mashambani mwao kuwaambia wapita njia kuwa lavenda si kemikali ya kiwandani. Bulgaria, nchi ya mafuta ya mawaridi, nayo ilisimama upande huo. Waliloliogopa ni badiliko la sheria nyingine, ya kuainisha na kuandika hatari za kemikali. Ilitakwa mafuta yenye vitu vingi ndani yake yahukumiwe kwa kitu kimoja kimoja kilichomo, si kwa mafuta yenyewe kwa jumla. Ni kama kuuhukumu mchuzi kwa pilipili peke yake, bila kuuonja mchuzi.

Walipeleka wajumbe, walizungumza na wabunge wao, na walieleza kazi yao tangu kuvuna hadi kuvukiza. Sheria ilipotoka mwaka 2024, mafuta yatokayo katika mimea bila kubadilishwa asili yake yaliachwa nje ya hukumu hiyo mpya. Lakini hayakuachwa milele. Imeandikwa kuwa jambo hilo litatazamwa tena baada ya miaka mitano.

Yanatuhusu nini sisi?

Mwanachama anaweza kusema: karafuu zetu nyingi huliwa katika vyakula na huvutwa katika sigara za Indonesia, uturi wa Ulaya ni wa kazi gani kwangu? Ni kweli kwamba karafuu kavu haiuzwi kwa ajili ya uturi peke yake. Lakini makonyo je? Kiwanda cha Wawi, Chake Chake, huyavukiza makonyo yetu kupata mafuta, na mafuta hayo husafirishwa ng'ambo. Makonyo ndiyo fedha ya pili ya mti ule ule. Yakikosa mnunuzi, yatarudi kuwa takataka za uani, na mama aliyekesha akichambua atakosa malipo ya nusu ya kazi yake.

Tena wazee wetu walituhadithia mwaka 1937, wafanyabiashara wa Kihindi walipozisusia karafuu zetu kwa kuipinga sheria mpya ya biashara hiyo, mpaka mapatano yakafikiwa mwaka 1938. Ugomvi haukuwa wa mchumaji, lakini mzigo ulirundikana kwake. Mlango wa mnunuzi ukifungwa, wa kwanza kuona giza ni mwenye shamba.

Kwa hiyo twaona yatupasa mambo matatu. La kwanza, tusiwe watu wa kukataa kila kitu. Kuandika juu ya chupa kuwa ndani mna karafuu si matusi kwetu. Ni haki ya mnunuzi, na sisi wenyewe tungetaka kujua tunachojipaka. Na mafuta matupu ya karafuu ni makali: tusiyapake ngozini bila kuyachanganya, wala tusiwape watoto kuyachezea.

La pili, tukatae lile lisilo la haki, yaani kuipunguza karafuu hata ikawa kama haimo, ilhali kutaja jina na kuweka kipimo cha kadiri kungetosha. Hapo tunao wenzetu wa lavenda na mawaridi, wenye shida kama yetu na wanaojua mlango wa kubisha.

La tatu, mali yetu iwe safi. Mafuta yaliyochanganywa na vitu vingine ndiyo yanayompa mpinzani silaha. Karafuu ianikwe vizuri, makonyo yasichanganywe na majani wala mchanga, na kila mzigo ujulikane umetoka shamba gani, ili akiuliza mtu wa Ulaya tuweze kumjibu kwa karatasi, si kwa kiapo.

Wazee walisema: asiyekuwapo, na lake halipo. Mwaka 2012 karafuu ilijadiliwa na watu ambao wengi wao hawajauona mti wake. Jambo la mwaka 2024 litafunguliwa tena kabla miche tuliyoipanda juzi haijaanza kuchumwa vizuri. Twaomba kila tawi lilizungumze katika mkutano wake ujao, lituandikie maoni yake, na liseme nani anafaa kutusemea siku hiyo ikifika.