Kutengana Si Kutundikwa

Mume yupo hapa Dubai, mke amerejeshwa kwao Mombasa; talaka hakupewa, na masurufu hayaji. Wengi huita hali hiyo kutengana. Sivyo! Aya ya 129 ya Suratun-Nisaa inakataza mke kuachwa kama aliyetundikwa.

Katika kutengana kwa haki, ndoa ingalipo: mke hudai masurufu, na mmoja akifariki mwenziwe hurithi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kuamuru utengano. Hapa kwetu, kabla ya kesi, familia husikilizwa na wasuluhishi wa Mahakama za Dubai. Nendeni, na mapatano yaandikwe: fedha kiasi gani, kwa muda gani, watoto wakae wapi.